Jino Likisha Kung'olewa, Tiba Haijaisha

Wahenga walisema kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Neno hilo ni la kweli, lakini halikukamilika. Mwenye kung'olewa gego la mwisho la taya ya chini ajua kwamba baada ya koleo kuwekwa mezani huja usiku wa kwanza, na baada ya usiku huo huja siku ya pili, ambayo uvimbe wake huzidi ule wa jana. Katika muda huo daktari hayuko karibu. Yupo mgonjwa, wapo jamaa zake, na vipo vidonge vichache vilivyofungwa katika karatasi. Leo twapenda kusema juu ya muda huo, kwa sababu twaona kwamba ndio unaosahauliwa, na kusahauliwa kwake kunawatia hasara wafanyakazi na wakulima wetu, hasa ndugu zetu wa nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika Kibondo na Kasulu.

Twazitaja sehemu hizo kwa makusudi. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikupita huko, na kwa miaka mingi msafiri wa Kasulu na Kibondo alijua vumbi la kiangazi na tope la masika. Mwaka 2012 wilaya za Kakonko na Buhigwe zilizaliwa kutoka katika wilaya hizo mbili ili huduma ziwasogelee wananchi, na lami nayo imefika pengi. Hata hivyo, mtu wa Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, au wa Busunzu, hana budi kuondoka alfajiri aje hospitali ya Kibondo. Na mtu wa Heru Juu hushuka Kasulu mjini, au huenda Kabanga palipo hospitali ya misheni. Jino likishang'olewa mnamo saa nne za asubuhi, hupanda pikipiki au basi kurudi kwao. Ganzi ya taya ya chini hudumu kwa muda wa saa tatu hivi hadi tano. Basi ganzi humtoka njiani, na afikapo nyumbani mnamo saa tisa au saa kumi, maumivu yamekwisha kumtangulia mlangoni.

Usiku ule majirani humsikia akiguna mpaka kunakucha. Jirani mwenye gego bovu, aliyelala akisikiliza, huapa moyoni kwamba yeye hatakwenda hospitali. Atasukutua, atatia ugoro katika tundu la jino, atanunua kidonge kimoja leo na kimoja kesho, mpaka usaha ujae shavuni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo maumivu ya mtu mmoja yasiyotulizwa ni jambo la kijiji kizima, kwa maana huwafundisha watu wengine kuiogopa tiba yenyewe.

GEGO HILI NA MAUMIVU YAKE

Magego ya mwisho, ambayo Wazungu huyaita meno ya hekima, hutoka baina ya umri wa miaka 17 na 25 kwa watu walio wengi. Yaani hutoka wakati ule ule kijana anaposhika jembe lake mwenyewe au anapoandikwa kazi. Mwenye taya pana huyapata bila taabu, na gego zima lisilouma halina haja ya kung'olewa. Taabu huja nafasi inapokuwa ndogo. Gego hulala upande, au hutokeza nusu tu na nusu nyingine ikafunikwa na ufizi. Chakula hunasa chini ya ufizi ule, hapo pakaoza, ufizi ukavimba, na taya likakataa kufunguka.

Kuling'oa gego la namna hiyo si sawa na kung'oa jino la mbele. Mara nyingine daktari hulazimika kupasua ufizi na kupunguza mfupa kidogo, kisha akashona. Jeraha la namna hiyo lazima liume, na kuuma kwake si dalili kwamba daktari amekosea. Mwili hupeleka damu na maji mengi mahali palipojeruhiwa ili upajenge upya. Nyama huvimba, na mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huzifanya neva za mahali hapo kuwa kali. Maumivu huwa makubwa zaidi katika siku ya kwanza. Uvimbe hufikia kilele chake siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Juma moja likipita, walio wengi huwa wamekwisha kurudia kazi zao. Mtu akilijua jambo hili mapema hupata nguvu ya moyo, maana safari iliyo na mwisho unaojulikana ni nyepesi kuliko safari isiyo na mwisho.

Yafaa tukumbuke pia kwamba kutuliza maumivu ya meno kuna historia ya heshima. Mwaka 1844, huko Hartford katika Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alivuta hewa ya naitrasi oksaidi, kisha akamwambia mwenzake amng'oe gego lake mwenyewe, apate kuona kama mtu aweza kung'olewa jino bila kuumia. Mwaka 1943 mwanakemia wa Sweden, Nils Löfgren, aliitengeneza lignokeini, dawa ambayo hata leo imo katika sindano ya ganzi ya hospitali zetu. Watu hao hawakuyaona maumivu kuwa jambo la kuvumiliwa tu. Waliyaona kuwa adui wa kupigwa vita, na sisi tuliozoea kusema juu ya maadui ujinga, umaskini na maradhi tungepaswa kuwa wepesi wa kuwaelewa.

VIDONGE KWA SAA

Twaja sasa kwenye jambo lenyewe. Dawa zinazofaa baada ya kung'oa gego si za anasa wala si za kuagizwa Dar es Salaam. Mbili kubwa ni ibuprofeni na parasetamoli, nazo hupatikana katika hospitali na katika maduka ya dawa. Mwaka 2013 watafiti wa shirika la Cochrane waliyapima pamoja majaribio 7, yenye washiriki zaidi ya 2,200 waliokuwa wameng'olewa magego ya mwisho ya taya ya chini. Waliona kwamba ibuprofeni ya miligramu 400 hutuliza maumivu hayo kuliko parasetamoli ya miligramu 1,000, na kwamba zikitumiwa zote mbili pamoja matokeo yaelekea kuwa mazuri zaidi ya kila moja peke yake. Hii ni habari njema kwa mtu wa kipato kidogo, maana dawa zenyewe ni za bei nafuu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo kinachotumika sana ni ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya kula. Na parasetamoli miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500, kila baada ya saa sita. Vidonge vya parasetamoli visizidi 8 kwa usiku na mchana. Anayezidisha huliumiza ini lake, na ini halilii kama jino. Huharibika kimya kimya. Mtoto, mtu mwenye mwili mdogo sana, na mwenye ugonjwa wa ini wana vipimo vyao, na hao wamuulize tabibu kwanza.

Siri ya dawa hizi ni saa. Walio wengi hungoja mpaka maumivu yawe makali ndipo wanywe, na hapo hulaumu dawa kwamba haina nguvu. Kidonge hakifanyi kazi papo hapo. Huhitaji nusu saa au zaidi ili kuingia damuni. Kwa hiyo kidonge cha kwanza kinywewe kabla ganzi haijatoka, yaani kabla mgonjwa hajapanda basi, na vinavyofuata vinywewe kwa saa zake, mchana na usiku, kwa siku mbili au tatu za kwanza, hata kama maumivu yamepungua. Kuyazuia maumivu yasipande ni rahisi kuliko kuyashusha yakisha kupanda.

Lakini ibuprofeni si ya kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayoamshwa na dawa za aina hii, na mama mja mzito wasiinywe bila idhini ya daktari. Hao parasetamoli huwafaa zaidi. Tena diklofenaki, inayopendwa sana madukani, ni ndugu wa ibuprofeni. Kuzinywa zote mbili hakuongezi nafuu, bali huongeza hatari kwa tumbo na figo. Aspirini nayo huzuia damu isigande, basi haifai kwa jeraha la kinywani; na wale wanaokisaga kidonge chake na kukiweka juu ya ufizi huuchoma ufizi wao wenyewe.

Liko kosa jingine ambalo twaliona kuwa kubwa. Watu wengi wakiumwa baada ya kung'olewa jino hukimbilia amoksilini, wakidhani kwamba kila dawa ya hospitali hutuliza maumivu. Amoksilini huua bakteria, wala haitulizi maumivu. Inywewe pale tu tabibu alipoona haja, na ikianzwa inywewe kama alivyoagiza. Anayenunua vidonge vitatu vya amoksilini kwa ajili ya maumivu ametupa fedha yake, na amewazoeza wadudu wa maradhi kuishinda dawa ambayo kesho mtoto wake ataihitaji. Tangu mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, wauzaji wengi wamepata mafunzo. Twawaomba wayatumie mafunzo hayo kwa kumwuliza mnunuzi anaumwa nini kabla ya kumhesabia vidonge.

LINDA DONGE LA DAMU

Vidonge peke yake havitoshi. Jino likisha kutoka, shimo lake hujaa damu, na damu ile huganda. Donge lile ndilo kifuniko ambacho mwili umejitengenezea wenyewe. Chini yake neva na mfupa hulindwa mpaka nyama mpya iote. Donge likitoka kabla ya wakati, mfupa hubaki wazi. Hapo, kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ambapo mgonjwa alitazamia kupona, huja maumivu mapya yaliyo mabaya kuliko ya kwanza, yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya kinywani.

Kulilinda donge hilo hakuhitaji fedha. Mgonjwa aume shashi aliyopewa kwa nusu saa, bila kuitoa kila mara ili kutazama. Siku ya kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinyonye kinywaji kwa mrija, wala asipenyeze ulimi au kijiti shimoni. Asinywe chai ya moto wala pombe ya ndizi. Zaidi ya yote asivute sigara wala asitie ugoro, maana tumbaku ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za kuharibika kwa shimo la jino. Twajua kwamba tumbaku ni zao la biashara kwa wakulima wengi wa Kasulu na Kibondo. Lakini kuiuza ni jambo moja, na kuivuta juu ya jeraha ni jambo jingine.

Barafu haipatikani kila kijiji, lakini maji ya mtungi hupatikana. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya mtungi na kukamuliwa, kikawekwa shavuni kwa dakika 15 au 20, kikaondolewa na kurudishwa tena, huleta nafuu siku ya kwanza. Mgonjwa alale ameinua kichwa kwa mito au nguo zilizokunjwa. Ale uji uliopoa, ndizi zilizopondwa, maharage yaliyoiva sana na kusagwa, na ugali laini. Miwa, karanga na mahindi ya kuchoma vingoje. Baada ya saa 24 kupita, asukutue polepole kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja, hasa baada ya kula. Meno mengine aendelee kuyapiga mswaki, ila asiguse jeraha.

Na ikiwa shimo limekwisha kuharibika, asitie humo kitu cho chote cha nyumbani. Arudi hospitali. Huko shimo litasafishwa na kujazwa dawa, na mara nyingi dawa hiyo huwa na mafuta ya karafuu, zao lile lile lililoipa sifa Unguja na Pemba. Lakini karafuu iliyotengenezwa hospitali si sawa na unga wa karafuu wa jikoni, ambao huingiza uchafu katika jeraha.

WAKATI WA KUTONGOJA KUCHE

Kuna dalili ambazo hazitaki uvumilivu hata kidogo. Damu isiyokoma baada ya kuuma shashi kwa nguvu kwa muda wa saa moja, homa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, usaha, taya linalozidi kukaza. Mwenye kuona mojawapo arudi kwa tabibu. Na uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, mgonjwa akashindwa kumeza mate au kuvuta pumzi, apelekwe hospitali usiku ule ule, kwa pikipiki, kwa gari la jirani, kwa cho chote kilichopo. Uvimbe wa namna hiyo huweza kuziba njia ya hewa na kumwua mtu mwenye nguvu zake. Kadhalika, mdomo wa chini ukibaki na ganzi siku iliyofuata, tabibu aambiwe, maana huenda neva imeguswa.

MFANYAKAZI NA SIKU ZAKE

Wazee wa Buha wanaijua kazi ya mkonge. Katika miaka ya ukoloni vijana wengi walitoka Kasulu na Kibondo kwenda manamba katika mashamba ya Tanga, na kuanzia mwaka 1944 waliandikwa na chama cha mabwana wa mkonge kilichoitwa SILABU. Kule siku ambayo mtu hakufanya kazi haikuandikwa katika kipande chake. Aliyevimba shavu alikata mkonge na shavu lake, au siku yake ilipotea. Tukatafuta uhuru ili, pamoja na mambo mengine, mwili wa mfanyakazi usihesabiwe kama chombo cha shamba.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, maadamu ana cheti cha daktari. Aliyeng'olewa gego kwa kupasuliwa huhitaji siku mbili au tatu tu katika hizo. Yafaa aombe cheti kabla ya kutoka hospitali, na mwajiri asimwone mvivu. Mtu anayeinua mizigo huku jeraha bado bichi huweza kuanza kutoka damu upya, na siku mbili alizonyimwa zitageuka kuwa juma zima. Mkulima hana mwajiri wala cheti. Yeye ana jirani. Kumchotea maji na kumpalilia kwa siku mbili ni ujima ule ule ambao wazee wetu waliujua kabla ya sheria zote.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Hatusemi haya kuwalaumu wahudumu wa afya. Matabibu wa meno ni wachache, na wagonjwa ni wengi. Elimu ya udaktari wa meno katika chuo kikuu ilianza hapa nchini mwaka 1979, huko Muhimbili, na kabla ya hapo waliotaka shahada hiyo hawakuwa na budi kuvuka mipaka. Juhudi za kulipunguza pengo zimefanyika. Shirika la Bridge2Aid la Uingereza, lililoanzia kazi zake Mwanza, limewafundisha matabibu wa vituo vya vijijini namna ya kung'oa meno kwa usalama. Kasulu yenyewe ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo; na mwaka 2011 jarida moja la kimataifa la madaktari wa meno lilichapisha habari za kupeleka huduma ya meno katika kambi za wakimbizi za magharibi mwa Tanzania. Utaratibu wa huduma za msingi za kinywa uliotolewa mwaka 2002 kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliweka kutuliza maumivu mahali pa kwanza kabisa. Ikiwa ndivyo ipasavyo kwa mkimbizi aliye kambini, ndivyo ipasavyo pia kwa mwanakijiji aliye nyumbani kwake.

Tunachoomba ni kidogo. Mng'oa jino asimwache mgonjwa aondoke kabla hajamwambia, kwa Kiswahili chepesi au kwa Kiha ikibidi, mambo matano: anywe nini, saa ngapi, asifanye nini, ale nini, na arudi akiona nini. Dakika tatu zatosha. Jamaa aliyemsindikiza naye asikilize, maana mwenye ganzi na hofu husahau nusu ya aliyoambiwa. Viongozi wa mashina na wa vyama vya wafanyakazi wayaseme mambo haya katika mikutano yao pamoja na habari za mbegu na mbolea. Na mgonjwa mwenyewe asione aibu kuuliza.

Uvumilivu ni sifa njema ya watu wetu, nao umejenga mengi katika nchi hii. Lakini kuvumilia maumivu yenye dawa, usiku kucha, karibu na vidonge ambavyo hakuna aliyemwambia mtu namna ya kuvinywa, si ushujaa. Ni ujinga unaoyasaidia maradhi, na maadui hawa wawili wakishikana mikono, wa tatu, yaani umaskini, hayuko mbali. Kwa hiyo twasema tena kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa, na kwamba tiba hukamilika siku ile mgonjwa anaporudi shambani au kiwandani akiwa mzima, na jirani yake, aliyeona alivyopona, akapata moyo wa kwenda naye.